BAHARI INAPANDA, AU ARDHI INASHUKA?

Ndugu mkulima wa Bomang'ombe, huenda ukauliza: bahari iko mbali, kupanda kwake kunatuhusu nini? Kunatuhusu sana. Maji ya Kikafu na Weruweru huingia Kikuletwa, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, na kile kinachobaki huishia Pangani. Kule mlangoni, maji ya mto ndiyo yanayoizuia bahari isiingie bondeni. Mto ukipungua nguvu, chumvi hupanda mtoni na kuharibu minazi na mashamba ya wenzetu. Bahari ikizidi kupanda, hali ndiyo huwa mbaya zaidi.

Sasa, bahari hupimwaje? Bandarini hufungwa kipimo kinachoandika maji kujaa na kupwa, usiku na mchana. Unguja kipo tangu mwaka 1984. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo milimita chache hazionekani mpaka upate wastani wa miaka mingi.

Lakini hapo pana mtego. Tuseme umechomeka kijiti chenye alama ndani ya mfongo wako. Baada ya wiki, maji yamefika alama ya juu zaidi. Je, maji yameongezeka, au kijiti kimezama kwenye tope? Kijiti chenyewe hakisemi! Kipimo cha bandarini ni vivyo hivyo: kinalinganisha bahari na ardhi kilipofungwa. Huko Jakarta, Indonesia, watu wamevuta maji mengi ya visima virefu hata baadhi ya mitaa ikadidimia, na bahari ikaonekana kupanda mbio.

Basi ardhi hupimwa peke yake, kwa mitambo iliyofungwa imara na kupokea ishara za setilaiti. Bahari nayo, tangu miaka ya 1990 mwanzoni, hupimwa na setilaiti kutoka juu. Kwa dunia nzima ilipanda kama sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na siku hizi ni zaidi ya milimita 3 kila mwaka.

Wala si kila ufukwe unaoliwa ni kosa la bahari kupanda. Kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walitaga pale. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika. Leo ni fungu tu linalofunikwa maji yakijaa.

Haya, turudi kwenye mfongo. Alama yako ichore juu ya jiwe kubwa lisilotikisika, si kwenye kijiti. Soma asubuhi na jioni, andika. Na zamu yako ikiisha, ziba mlango wa mfongo, maji yarudi mtoni.