Jua Likizidi Zabibuni

Gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu, hamira ikishazila, huacha alkoholi ya takriban asilimia moja. Gramu 250 huacha karibu asilimia 15. Hesabu hiyo haibadiliki popote, ila wakulima wa Ufaransa hawaiogopi kwa namna moja. Kule Champagne, kaskazini, kwa karne nyingi kilio kilikuwa kwamba jua halitoshi na zabibu zinavunwa zingali kali. Kusini, kuanzia mpaka wa Hispania hadi kukaribia Italia, kilio ni kinyume chake: sukari inakuja yenyewe, tena nyingi, na kazi ya mkulima ni kutafuta namna ya kuishi nayo.

Sukari ni nusu tu ya habari. Zabibu inapoiva, sukari hupanda na asidi hushuka. Asidi zinazotawala ni mbili: ya tartariki, ambayo haitikisiki sana, na ya maliki, ile iliyomo kwenye tufaha bichi. Hii ya pili mmea huitumia kama kuni. Joto likipanda, inaunguzwa haraka zaidi. Usiku ukiwa nao wa joto, asubuhi mkulima anakuta zabibu tamu zisizo na ukali wowote, na mvinyo wake hutoka mzito, unapasha koo na kuuacha ulimi umelala. Mitindo ya mvinyo ya Languedoc, Roussillon, Provence na Rhône ya chini, ukiitazama kwa jicho la kemia, ni majibu mbalimbali ya tatizo hilo moja.

Jibu la kwanza ni kuchanganya. Zabibu iliyobeba sehemu kubwa ya kusini ni Grenache, yenye asili ya Hispania. Inastahimili ukame, inasimama imara kwenye upepo, na kwa kukusanya sukari ina wenzake wachache. Udhaifu wake ni ganda: jembamba, rangi haba, tanini kidogo, na mvinyo wake ukikutana na hewa hugeuka upesi kuwa wa rangi ya tofali. Kwa hiyo hupewa wenzi. Syrah huleta rangi nzito na harufu ya pilipili manga, na harufu hiyo si ya kuwaziwa, kwa kuwa molekyuli yake, rotundoni, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Mourvèdre huleta tanini na uwezo wa kuihimili hewa. Hii huchelewa kuiva na hupenda bahari. Wenyeji husema inataka kichwa juani na miguu majini. Bandol, kwenye miteremko inayoitazama bahari karibu na Toulon, sheria inadai nusu nzima ya mvinyo mwekundu iwe Mourvèdre, nao ukae kwenye mapipa ya mbao miezi 18 kabla ya kuuzwa.

Kuhusu Syrah kuna ngano ambayo msomaji wa pwani yetu ataitambua mara moja: kwamba asili yake ni Shiraz, Uajemi, na kwamba ililetwa na askari wa vita vya msalaba. Mwaka 1998 watafiti wa Montpellier na wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walipima vinasaba vyake. Baba ni Dureza, zabibu ya Ardèche. Mama ni Mondeuse Blanche, zabibu nyeupe ya Savoie. Wote wawili ni wenyeji wa Ufaransa, wasio na sifa kubwa, waliokutana shambani bila mtu kuwaunganisha.

Kijiji cha Châteauneuf-du-Pape, jirani na Avignon ambako mapapa waliishi kati ya 1309 na 1377, kinaruhusu aina 13 za zabibu. Kanuni zake zilianza kuandikwa mwaka 1923 chini ya Baron Pierre Le Roy, na 1936 kikawa miongoni mwa majina ya kwanza ya mvinyo kulindwa na sheria ya Ufaransa. Kanuni moja ilitaka mvinyo usipungue asilimia 12.5 za alkoholi. Enzi hizo ilikuwa kinga dhidi ya walaghai waliouza mvinyo mwepesi kwa jina zuri. Leo kupata chupa ya huko iliyo chini ya 14 kunahitaji utafute.

Mashamba ya kijiji hicho yanapigwa picha sana kwa sababu ya mawe yake, makubwa kama ngumi na zaidi, yaliyosuguliwa na mto Rhône wa kale hadi yakawa laini. Watalii huelezwa kwamba mawe hunywa joto mchana na kulirudisha usiku ili zabibu ziive. Ni kweli mawe hutunza joto. Lakini mahali ambapo joto limezidi tayari, sioni kwa nini hilo lisifiwe. Msaada mkubwa uko chini ya mawe, kwenye udongo wa mfinyanzi unaoshikilia maji ya msimu wa baridi na kuyatoa kidogo kidogo mizizi inapoyahitaji Julai na Agosti. Msaada mwingine ni mistral, upepo mkavu unaoshuka bonde la Rhône, nyakati nyingine kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Huvunja matawi, hutia watu wazimu, ila hukausha majani, na majani makavu hayashikwi ovyo na ugonjwa wa ubwiri vinyoya.

Languedoc ilikuwa na mzigo wa aina nyingine: Carignan. Zabibu hii huzaa sana, asidi yake haishuki kirahisi, na tanini zake hukwaruza. Mwaka 1934 Michel Flanzy, mtafiti wa Narbonne, alikuwa akitafuta njia ya kuhifadhi zabibu mbichi ndani ya hewa ukaa. Kuhifadhi hakukufaulu, lakini zabibu zilifanya jambo la kushangaza. Zikiwa nzima, bila kukamuliwa, zimezingirwa na hewa ukaa, seli zake zenyewe zilianza kugeuza sukari kuwa alkoholi kwa kutumia vimeng'enya vyao, hamira ikiwa bado haijaingia. Kazi hiyo huishia kwenye asilimia mbili hivi za alkoholi, kisha seli hufa. Ila kufikia hapo karibu nusu ya asidi ya maliki imeliwa, na harufu za matunda zimezaliwa ambazo njia ya kawaida haizitoi. Zikikamuliwa baadaye, hamira humalizia. Carignan iliyopitia humo inanyweka ikingali changa. Mbinu hiyo bado inatumika sana Corbières na Minervois.

Watu wa Roussillon, chini ya milima ya Pyrénées, hawakuikimbia sukari hata kidogo. Arnaud de Villeneuve, tabibu aliyefundisha Montpellier mwishoni mwa karne ya 13, ndiye anayetajwa kuvumbua wanachokifanya hadi leo: katikati ya uchachushaji wanamimina spiriti ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 96, kiasi cha sehemu 5 hadi 10 kwa kila 100. Hamira hufa pale pale. Sukari isiyoliwa inabaki, mara nyingi kama gramu 100 kwa lita, na mvinyo unakuwa na alkoholi ya asilimia 15 hadi 18. Hivyo ndivyo Banyuls, Maury na Rivesaltes zinavyotengenezwa.

Maury wanakwenda mbali zaidi. Mvinyo wa Grenache hutiwa kwenye chupa kubwa za kioo zenye tumbo la mviringo, kila moja ikibeba makumi ya lita, kisha hupangwa safu kwa safu nje, uani, bila paa. Hukaa hapo mwaka mzima. Kiangazi zinachomwa na jua, usiku wa Januari zinagandishwa na upepo, na hewa iliyoachwa shingoni mwa chupa inafanya kazi yake. Kila kitu ambacho mtengeneza mvinyo hufundishwa kuepuka kinafanywa hapo kwa makusudi. Wekundu hugeuka kahawia, na katika harufu za lozi na kakao huzaliwa molekyuli iitwayo sotoloni. Kwa anayejua jiko la pwani haihitaji maelezo: sotoloni ndiyo inayoupa uwatu harufu yake. Udhaifu wa Grenache mbele ya hewa na joto, ambao kwingineko ni hasara, hapa ndio unaouzwa.

Provence inalikimbia jua kwa saa ya mavuno. Karibu chupa tisa katika kila kumi za huko ni mvinyo wa rangi ya waridi, unaotoka kwenye zabibu nyekundu, hasa Grenache na Cinsault, zinazokamuliwa kabla maganda hayajapata muda wa kuachia rangi. Rangi hutoka haraka zaidi kwenye joto, kwa hiyo mashine huvuna usiku wa manane, taa zikiwaka, na zabibu hufika kiwandani zikiwa baridi. Kwa mvinyo mweupe, mbinu rahisi ni kuchagua zabibu isiyopoteza asidi, na Picpoul ya Pinet ni ya namna hiyo. Hunywewa kwa chaza wa Bouzigues, waliofugwa kwenye ziwa la maji ya chumvi la Thau lililo jirani. Limoux walipanda juu ya vilima tu, kwenye ubaridi, na kumbukumbu za mvinyo wao wa mapovu zinarudi hadi 1531.

Mizabibu yenyewe iliwahi kukaribia kufutwa. Mwaka 1863 wakulima wa Pujaut, upande wa Gard, waliona mizabibu ikinyauka bila sababu. Miaka mitano baadaye, Julai 15, 1868, mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon wa Montpellier na wenzake wawili walikwenda Saint-Martin-de-Crau. Waling'oa mizabibu iliyokufa, hawakuona kitu. Waling'oa ule wa jirani, uliokuwa bado na afya ya kuonekana, wakakuta mizizi imefunikwa na vijidudu vya njano, jamaa wa vidukari. Mdudu huyo, filoksera, huhama mzizi ukishakufa, ndiyo maana haikuwa imeonekana. Ilikuwa imeingia pamoja na miche kutoka Amerika.

Serikali ilitangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayepata tiba, na haikumlipa mtu. Suluhisho lilitoka Amerika ile ile: mizabibu ya huko imeishi na mdudu huyo muda mrefu, na mzizi wake ukiumwa hujenga tabaka gumu linaloziba jeraha kabla ukungu haujapenya. Basi wakaanza kubebesha, kikonyo cha Grenache au Carignan juu ya shina la Mmarekani. Karibu mizabibu yote ya Ufaransa sasa ina miguu ya kigeni. Isipokuwa kwenye mchanga, maana filoksera haiwezi kutembea ndani yake. Kwa sababu hiyo, mwaka 1949 taifa liliweka hazina ya mizabibu yake kwenye ufuko wa Vassal, karibu na Marseillan, zaidi ya aina 2,500 zikiota kwa mizizi yao wenyewe. Tishio lake la sasa ni bahari, inayopanda na kutia chumvi ardhini, na imebidi upangwe uhamisho wa kwenda Pech Rouge, Gruissan.

Juni 28, 2019, kipimajoto cha Vérargues, Hérault, kilifika nyuzijoto 46, joto ambalo Ufaransa haikuwa imewahi kulipima. Majani na vichala viliungua vikiwa bado vya kijani, vibaya zaidi palipokuwa pamenyunyiziwa salfa. Huo ulikuwa mshtuko wa siku moja. Mabadiliko ya polepole yana uzito zaidi. Mvinyo wa Languedoc, uliokuwa na kama asilimia 11 za alkoholi mwanzoni mwa miaka ya 1980, sasa unazunguka 14, na mavuno yamesogea mbele kwa wiki mbili au tatu. Mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu wake haulali. Wa Languedoc ana mavuno ya mara moja tu, na sasa hayo yanaangukia kwenye joto kali zaidi la mwaka.

Kuna wanaorudia zabibu za zamani zilizodharauliwa kwa kuchelewa kuiva, kama Counoise na Terret. Kuna wanaopanda Artaban na Vidoc, zilizosajiliwa 2018 baada ya miongo ya kuchanganya mbegu na mizabibu ya mwituni ya Amerika ili zistahimili ubwiriunga na ubwiri vinyoya. Lakini aina mpya ikitaka kuingia kwenye mvinyo wenye jina lililolindwa, sheria huipa nafasi ya majaribio: isizidi asilimia 5 ya shamba na asilimia 10 ya mchanganyiko. Mzabibu huhitaji miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, na mingi zaidi kabla ya kujulikana tabia yake kwenye udongo fulani. Kwa kasi ambayo sukari inapanda, mimi naona asilimia 5 ni kidogo mno.