Udongo wa Koboko Usisafiri na Mvua

Asubuhi baada ya mvua kubwa simama ukingoni mwa mto Kochi, hapa Koboko, uyatazame maji. Rangi ile ya matofali ni udongo wa juu wa mashamba yetu, wenye rutuba ya mihogo na karanga, unaokwenda Nile bila nauli.

Tone la mvua huvunja madonge ya udongo ulio uchi. Chembe zake huziba vitundu vya ardhi, na maji, yakikosa pa kuzama, hukimbia. Mimi mwenyewe niliwahi kulima matuta ya kuteremka kilima, kwa kuwa jembe huenda kwa wepesi. Mvua moja ya Agosti ikageuza kila mfereji kuwa kijito. Karanga changa nilizikuta kisimani kwa jirani, naye mama yule hakunisalimu juma zima.

Matuta na yaukingame mteremko. Ili kupata usawa, funga miti mitatu kwa umbo la herufi A, uning'inize jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Tia alama kamba inapokata mti wa kati. Badilisha miguu papo hapo, utie alama ya pili. Kamba ikisimama katikati ya alama hizo, miguu imelingana. Fuata usawa huo ukichimba mfereji, udongo ukitupwa upande wa juu, kama wafanyavyo wakulima wa Machakos, Kenya, waiitao kazi hiyo "fanya juu". Juu ya tuta panda majani ya malisho, mbuzi watashukuru.

Askari atasema kesho atahamishwa, shamba si lake. Lakini leo mkewe anateka kisima kile kile.

Pima wakati wa kiangazi. Kuchimba kungoje manyunyu ya kwanza, maana ardhi ya Februari huvunja mpini.