Bahari Ina Msamiati Wake

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa maana ya kaskazini na kusini, hasiti: ni pande za dunia. Akiulizwa kaskazi na kusi, aghalabu hukwama. Ilhali hayo ndiyo mashina yenyewe, kwani pande hizo zilipewa majina ya pepo zivumazo kutoka huko.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili, na baina ya Juni na Agosti huzidi nguvu, bahari ikachafuka. Kisiwani Lamu, ufuo wa Shela hauna mwamba wa kuukinga na bahari kuu kama zilivyo fuo nyingi za pwani yetu. Mawimbi ya kusi huufikia na nguvu zake zote. Isitoshe, mwezi unapoandama na unapopevuka, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikafikia mita 3 na zaidi. Hapo mkondo huwa mkali. Siku za maji mafu, mkondo hupungua.

Nionavyo mimi niliye mwalimu wa isimu, maneno haya si mapambo ya washairi. Ajuaye kuwa leo ni bamvua na upepo ni kusi amekwisha kuonywa kabla hajatia mguu majini. Asiyejua huuona mchanga mweupe tu, akauamini.

Walimu wenzangu, tusiwaachie wavuvi pekee msamiati huu. Tuufundishe darasani, pamoja na hesabu ya mwezi. Lugha ikipoteza majina ya hatari, wasemaji wake huikabili hatari hiyo bila onyo.