Kabla ya Kubishana, Tuulizane Maana ya Maneno

Wengi wetu tumezoea kuyadharau mabishano ya mashabiki wa michezo. Tunayaona kuwa kelele za watu wasio na shughuli, ambao jioni ikifika hawana la kuzungumza ila mpira. Hata hivyo, anayeyasikiliza kwa sikio la mwanaisimu atagundua kwamba aghalabu watu hawa hawabishanii mpira. Wanabishania maana ya maneno, na zaidi ya hayo wanabishania ni nani mwenye haki ya kuyapa maneno hayo maana. Katika makala haya ninakusudia kulithibitisha jambo hili kwa mabishano mawili makubwa ya Wamarekani. La kwanza linahusu historia ya mchezo wa besiboli, na la pili linahusu futiboli ya vyuo vikuu vyao, mchezo ambao kwa sura unakaribia raga kuliko soka tunayoijua.

Tuanze na besiboli. Katika mchezo huu mtu mmoja hurusha mpira, naye mpinzani wake, akiwa na gongo la mbao, hujaribu kuupiga na kukimbia hadi kituo cha kwanza kabla hajatolewa. Ustadi wa mpigaji hupimwa kwa wastani: mipigo yake iliyofaulu hugawanywa kwa nafasi alizohesabiwa za kupiga. Anayefaulu mara 3 katika kila nafasi 10, yaani mwenye wastani wa 0.300, huhesabiwa kuwa hodari. Kwa miaka mingi mashabiki wa Marekani walifundishwa kwamba wastani wa juu kabisa katika historia ni 0.367 wa Ty Cobb, aliyecheza katika ligi kuu kuanzia 1905 hadi 1928. Mnamo Mei 2024 fundisho hilo lilibadilika. Wakuu wa besiboli walitangaza kwamba takwimu za ligi za Wamarekani Weusi za kati ya 1920 na 1948 zimeingizwa rasmi katika rekodi za ligi kuu. Mara moja Josh Gibson, mtu aliyekuwa kaburini tangu Januari 1947, akampiku Cobb kwa wastani wa 0.372.

Ubishi uliozuka ulikuwa mkali. Wako waliosema kwamba haki imetendeka ingawa imechelewa, na wako waliosema kwamba historia imechezewa ili kuwafurahisha watu. Lakini tukiuchambua ubishi huo tutaona kwamba hakuna aliyedai kuwa Gibson hakuupiga mpira. Kilichobishaniwa ni maneno mawili tu: "ligi kuu".

Ligi kuu ni ipi? Swali hili lilijibiwa rasmi mwaka 1969 na kamati ya watu watano, wote Wazungu. Kamati hiyo iliamua kwamba katika historia ya Marekani ni ligi sita tu zilizostahili jina hilo. Miongoni mwa sita hizo ilikuwamo Union Association, ligi iliyodumu msimu mmoja tu wa mwaka 1884, na ambayo baadhi ya timu zake zilivunjika hata kabla msimu haujamalizika. Je, kamati iliamua nini kuhusu Negro National League, iliyoanzishwa na Rube Foster mjini Kansas City mwaka 1920, na nyingine zilizoifuata? Haikuamua lolote. Haikuzikataa ligi hizo; haikuzijadili kabisa. Hapo ndipo panapostahili mazingatio ya kila mwalimu wa lugha. Kumkatalia mtu jina ni jambo moja, maana anayekatazwa anaweza kukata rufaa. Kutomfikiria kabisa wakati majina yanapogawanywa ni jambo jingine, na ni zito zaidi, kwa sababu asiyetajwa hana hukumu ya kuipinga.

Ikumbukwe kwamba Gibson na wenzake hawakucheza pembeni kwa hiari yao. Tangu miaka ya 1880 ubaguzi wa rangi uliwafungia mlango wachezaji Weusi, na mlango huo haukufunguliwa hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoichezea Brooklyn kwa mara ya kwanza. Gibson alikuwa amefariki miezi mitatu iliyotangulia akiwa na umri wa miaka 35. Kwa hiyo mtu alizuiwa kuingia nyumbani, kisha akahukumiwa kwamba hakuwahi kulala ndani. Ilichukua hadi Desemba 2020 kwa wakuu wa besiboli kutamka kwamba ligi saba za Weusi zilikuwa ligi kuu, na zaidi ya miaka mitatu mingine kuziingiza hesabu zake vitabuni.

Si haki, hata hivyo, kuwapuuza wanaolipinga badiliko hili, kwa kuwa hoja zao si za kijinga. Wanasema kwamba misimu ya ligi za Weusi ilikuwa mifupi, ilhali timu za ligi kuu za zama hizo zilicheza michezo 154 kwa mwaka, na ni rahisi zaidi kudumisha wastani wa juu katika michezo michache. Isitoshe, wanasema, taarifa za michezo mingi ya Weusi zimepotea. Hoja hizi zina uzito. Lakini mwenye kuzitoa hana budi kuzitumia kwa pande zote. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, ligi kuu ilicheza michezo 60 tu, na bado mabingwa wa mwaka huo wanahesabiwa kuwa mabingwa kamili. Ama kuhusu usafi wa vitabu, yafaa tukumbuke kwamba mwaka 1981 ilifichuliwa kuwa mchezo mmoja wa Ty Cobb wa mwaka 1910 ulihesabiwa mara mbili. Wakuu wa wakati huo walijulishwa, nao wakakataa kurekebisha. Basi kitabu kinachotetewa kwamba kisiguswe kilikuwa na doa lake siku zote. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Kuna upande wa pili wa kisa cha Gibson ambao washangiliaji wake hawautaji sana. Kibao chake katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, alikoingizwa mwaka 1972, kinaeleza kwamba aliuvusha mpira nje ya uwanja karibu mara 800 katika michezo ya ligi na ile isiyo ya ligi. Lakini katika hesabu rasmi za sasa, ambazo huchukua michezo ya ligi pekee, mipigo hiyo haifiki 200. Michezo mingine aliyoicheza kutoka mji hadi mji, mbele ya umati wa watu waliolipa kumwona, haimo. Kwa hiyo maandishi yaliyompandisha kileleni kwa wastani ndiyo hayo hayo yaliyoiacha nje sehemu kubwa ya sifa zake zilizokuwa zikisimuliwa kwa mdomo. Lugha yetu ina neno zuri hapa. Tunasema "kumbukumbu" kwa yale yaliyomo kichwani mwa mzee na kwa yale yaliyomo katika faili la ofisi. Mashabiki hao wangekuwa na neno kama hilo, labda wangeona wepesi zaidi kwamba wanachobishania ni kumbukumbu ipi iaminiwe, na si ipi ipo na ipi haipo.

Sasa tuigeukie futiboli ya vyuo. Huku neno linalozua ugomvi ni "bingwa". Mchezo wa kwanza wa aina hii ulichezwa mwaka 1869 kati ya Rutgers na Princeton, na tangu hapo vyuo vimekuwa vingi kiasi kwamba haiwezekani vyote vikutane katika msimu mmoja. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakijawahi kuandaa michuano yake ya kumpata bingwa wa taifa katika daraja la juu kabisa la mchezo huu. Kwa muda mrefu bingwa alipatikana kwa kura. Kuanzia 1936 waandishi wa habari walipiga zao, na kuanzia 1950 makocha nao wakapiga zao. Pale makundi haya mawili yalipotofautiana, nchi ilipata mabingwa wawili, kama ilivyotokea mwaka 1997 kwa Michigan na Nebraska. Mwaka 2003, hata baada ya kuwekwa utaratibu wa kuzikutanisha timu mbili bora, LSU ilishinda mchezo wa fainali, nao waandishi wakaipa USC kura zao.

Pale ambapo neno halina mwenyewe, kila mtu hulichukua. Chuo kikuu cha Alabama kinahesabu mwaka 1941 miongoni mwa miaka yake ya ubingwa, ingawa waandishi wa habari waliiweka timu yake katika nafasi ya 20 mwaka huo. Waliotumia kanuni nyingine ya hesabu waliiweka ya kwanza, na hilo likatosha. Mwaka 2017 timu ya Central Florida ilishinda michezo yake yote 13, ikanyimwa nafasi ya kuwania taji, nayo ikajitangaza kuwa bingwa. Watu waliicheka. Binafsi sioni kwa nini icheke mmoja na kuheshimiwa mwingine, maadamu wote wawili walilitumia neno lisilokuwa na mipaka.

Mwaka 2014 timu nne zilianza kushindana kwa mtoano, na katika msimu wa 2024 zikaongezwa hadi 12. Wengi walidhani ubishi umekwisha. Lakini ubishi ulihamia mlangoni, kwa kuwa bado ni kamati inayoamua timu zipi nyingine zijiunge na mabingwa wa majimbo ya mashindano. Florida State iliachwa nje mwaka 2023 ikiwa haijashindwa hata mara moja. Naye bingwa wa kwanza wa utaratibu wa timu 12, Ohio State, alilitwaa taji Januari 2025 baada ya kushindwa mara mbili katika msimu. Nani basi ni bingwa: aliye bora mwaka mzima, au aliyeshinda mwisho? Kiswahili kinatusaidia kuliona tatizo. Tunaposema "daktari bingwa" tunamaanisha mwenye ustadi uliokomaa. Tunaposema "mabingwa wa kombe" tunamaanisha walioshinda fainali. Neno ni moja, maana ni mbili, na Wamarekani wamegombana kwa vizazi katikati ya maana hizo.

Yatupasa tujiulize haya yanatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi. Yanatuhusu sana. Katika shule zetu midahalo huendeshwa kila muhula, na hoja kama "Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini" imejadiliwa tangu tukiwa watoto. Ni mara ngapi mwanafunzi amesimama kuuliza "bora" ni kwa kipimo gani? Watetezi hunguruma, wapinzani hunguruma, kura hupigwa, na pande zote mbili hutoka zikiwa zimezungumzia mambo tofauti kwa neno moja. Anayepewa alama nyingi ni mwenye sauti kubwa na methali nyingi.

Ningependa walimu wawazoeze wanafunzi wao kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua kinywa. Neno hili tunalobishania lina maana gani? Nani aliyelipa maana hiyo? Na je, ni nani ambaye hakuulizwa? Swali la tatu ndilo husahauliwa, na ndilo zito kuliko yote. Josh Gibson alikosa nafasi yake vitabuni kwa zaidi ya miaka 75, na haikuwa kwa sababu hesabu zilimshinda. Watu watano walikaa mezani wakaandika maana ya maneno mawili, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza.