Ukuta Useme Nini? Utangulizi wa Somo la Sanaa ya Hadhara, kutokea Singida

Singida ilikuwa na sanaa ya hadhara kabla haijawa na mji. Kule Siuyu na Iramba kuna miamba yenye michoro ya kale ya watu na wanyama. Wengi huitaja Kondoa peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, lakini Fidelis Masao, mwanaakiolojia wetu, alipochapisha mwaka 1979 kitabu chake kuhusu michoro ya Tanzania ya kati, hakuishia Kondoa. Mwanafunzi wa somo hili anayetoka Singida ana haki ya kuanzia nyumbani kwao.

Sanaa ya hadhara ni kazi ambayo mtu hukutana nayo bila kulipa kiingilio na bila kukusudia kuiendea: sanamu katikati ya kipita shoto, mchoro kwenye ukuta wa stendi, mnara wa kumbukumbu. Picha ya sebuleni ikikuudhi utaiteremsha. Hii ya barabarani utapishana nayo asubuhi na jioni, na watoto wako pia. Ndiyo maana swali la kwanza la somo letu linatangulia uzuri na gharama: nani aliamua kwamba kazi hii izungumzie jambo hili?

Tazama Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa wamemsimika hapo gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamwondoa, na mwaka 1927 wakasimamisha askari wa shaba mwenye bunduki, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Tawala mbili zilichagua mada mbili kwa faida yao. Pamoja na hayo wakazi wamemzoea askari yule, wanaelekezana njia kwa jina lake. Mwanza nako kuna sanamu ya samaki kwenye kipita shoto, na hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake, kwa sababu mada imetoka ziwani palepale. Nayataja haya mapema ili tusidanganyane: kazi inaweza kupokelewa bila wenyeji kuulizwa. Lakini kutegemea bahati hiyo kwa fedha ya umma si haki.

Je, kuitisha mkutano kunatosha? Mwaka 1981 mchongaji Richard Serra alisimika New York ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 36 hivi, ukakata uwanja mbele ya ofisi za serikali. Wafanyakazi waliovuka uwanja huo kila siku wakalalamika, na mwaka 1985 kikaitishwa kikao cha wazi. Kati ya watu 180 waliosema, 122 walitaka ukuta ubaki. Uliondolewa hata hivyo, mwaka 1989. Wanataaluma wanabishana hadi leo nani alidhulumiwa. Mimi najifunza jambo moja: waliofika kikaoni na wanaoishi na kazi hiyo si lazima wawe kundi moja.

Lilete hilo Singida. Mkutano wa mtaa ni chombo chetu na ninauheshimu, lakini hesabu wasiokuwepo. Mama anayechambua vitunguu pale soko la Misuna hawezi kuacha mzigo. Kijana wa bodaboda yuko kijiweni akisubiri abiria. Mzee anayejua habari za ukoo haji, kwa kuwa hakuambiwa kwamba shughuli ya rangi na brashi inahusu habari zake. Basi mratibu awafuate walipo: sokoni, kijiweni, kwenye mashine za kukamua alizeti, kilabuni, msikitini na kanisani baada ya ibada.

Akifika aulize vizuri. Ukiuliza watu, "Mnataka tuwachoree nini?" utaletewa twiga, Kilimanjaro na Mwenge, vitu vilivyokwisha zoeleka kwenye kalenda. Uliza badala yake: hapa palitokea nini? Mwaka ule mvua ilipokataa mliishije? Ni nani aliyewahi kuutetea mji huu? Mwananchi si mchoraji, na si haki kumdai picha. Anachojua ni mambo yenyewe. Msanii Judith Baca alipoanza ukuta wake mkubwa wa michoro Los Angeles mwaka 1976, akiwa na vijana wa mitaani, kumbukumbu za watu zilikusanywa kwanza. Ukuta ule una urefu wa karibu mita 840 na bado unasomwa.

Jibu moja utakalolipata Singida ni Liti. Wanyaturu wanamsimulia kuwa mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, akisaidiwa na nyuki. Uwanja wa mpira uliojulikana kwa miaka mingi kama Namfua sasa unaitwa kwa jina lake. Mada nzuri kabisa, nami ningefurahi kuiona ukutani. Lakini mji huu ni wa Wanyiramba pia, na Wagogo, na Wasukuma, na wafanyabiashara waliohamia. Je, watajiona? Ukiwasikiliza utakuta mlango uko kwenye nyuki wenyewe: mrina asali wa Manyoni, asiye Mnyaturu, ana la kuchangia kuhusu nyuki anapokasirika. Mada inapanuka bila kumpora mwenye nayo.

Na yapo yasiyochorwa. Kwa Wanyisanzu wa Mkalama, matambiko ya mvua ya kijijini Kirumi, ambayo kwa mila yao huongozwa na mtemi wa kiume pamoja na wa kike, yana wenyewe na yana miiko. Kule Kondoa, baadhi ya miamba yenye michoro bado hufanyiwa matambiko. Wenyeji wakikuambia, "Hilo liache," wameshiriki kikamilifu sawa na aliyependekeza. Ripoti nyingi za miradi huandika waliokubali tu. Katika kazi zitakazofuata nakuomba utenge ukurasa wa mada zilizokataliwa, uandike nani alikataa na kwa sababu gani, kwa maneno yake mwenyewe, kisha umsomee kabla ripoti haijapelekwa Manispaa.