Likizo ya Ulaya: Piga hesabu kabla msimu haujapanda

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia, Rusumo au Tunduma hahitaji kufundishwa maana ya msimu. Anajua gunia la mahindi lina bei yake wakati wa mavuno, na bei nyingine kabisa maghala yanapokuwa matupu. Ulaya nayo ina msimu wake. Julai na Agosti shule zimefungwa, wenyeji wenyewe wako likizo, na bei za vyumba na tiketi za ndege hupanda. Anayekwenda kumtembelea ndugu Brussels, au kupumzika na familia Paris, bila kujipanga atalipa bei ya ghala tupu.

Cha kwanza ni viza. Viza ya Schengen inatumika katika nchi 29, zikiwamo Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani, Italia na Ugiriki. Uingereza na Ireland hazimo. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida yasichelewe kupita siku 15 kabla. Jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kuchukua hadi siku 45. Siku hizo huhesabiwa baada ya faili kupokewa, wala si tangu ulipoanza kutafuta miadi. Kwa safari ya Julai, anza kushughulika Februari au Machi.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo ni euro 270. Mkikataliwa, fedha hiyo hairudi. Kwa hiyo usilipie tiketi isiyorejeshwa kabla ya kupata viza, na umkwepe wakala anayekuahidi kwamba viza "ni ya uhakika". Anayeamua ni ubalozi peke yake.

Hapa ndipo mchuuzi wa mpakani anapoweza kukwama. Mtaji wake unazunguka: leo vitenge, kesho mchele. Fedha inapita mkononi na kwenye simu, benki haina habari. Afisa wa viza halioni duka lako, anaona karatasi. Ukiingiza milioni kadhaa wiki moja kabla ya kuomba, atajiuliza zimetoka wapi. Ni heri kupitisha mauzo benki kwa miezi 6, hata kidogo kidogo. Ambatanisha leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na stakabadhi za forodha. Hata ile hati rahisi ya uasili wa bidhaa, inayotumika Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000, usiitupe. Inaonyesha kuwa una biashara hai inayokungoja urudi.

Omba katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba kwa nchi utakayoingia kwanza. Pasipoti iwe na miezi 3 zaidi ya siku ya kuondoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na kurasa 2 tupu. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Ukishafika, foleni ni nyingine. Tiketi za Colosseum mjini Roma huandikwa jina la mgeni, hivyo zinunue mapema. Acropolis ya Athens ina kikomo cha wageni 20,000 kwa siku, na joto likizidi imewahi kufungwa mchana. Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu Ufaransa, Italia na Ugiriki, na maduka mengi madogo hufungwa.

Forodha yao nayo ina sheria. Ukiwa na fedha taslimu euro 10,000 au zaidi, lazima uitangaze. Nyama, maziwa na samli ya kumpelekea shemeji haviruhusiwi. Ukinunua vitu vyako binafsi, unaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani. Ufaransa, manunuzi lazima yazidi euro 100. Omba fomu dukani, uihakikishe forodha kabla ya kuondoka. Bidhaa za kwenda kuuza hazimo katika utaratibu huo.

Kabla ya yote, jiulize kama ni lazima uende Julai. Kwa anayenunua mahindi Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, miezi hiyo ndiyo ya kuwa sokoni. Kufunga ghala wakati wenzako wananunua ni gharama isiyoandikwa kwenye tiketi. Kama hufungwi na likizo ya watoto, katikati ya Septemba jua la kusini mwa Ulaya bado lipo, shule zao zimefunguliwa, na bei hushuka. Utakuwa umenunua mzigo wako kwanza, kisha ukapumzika.