Mafuta Hayapozi Sikio

Wiki hii nimeulizwa mara nne, na mara zote kwa maneno yaleyale: "Daktari, niweke mafuta gani sikioni ili hedifoni zisinichome?" Waulizaji ni vijana wa huduma kwa wateja wanaovaa hedifoni zamu nzima ya saa nane, wanafunzi, wahariri wa video. Joto wanalolilalamikia ni la kweli. Dar es Salaam ya Februari mtu hutoka jasho akiwa ameketi tu. Lakini jibu langu halibadiliki: usiweke mafuta yoyote.

Joto hilo liko nje, kwenye ngozi iliyofunikwa na mto wa hedifoni. Ngozi hujipoza pale jasho linapokauka. Mto wa ngozi bandia ukiziba pande zote, hewa ya ndani hushiba unyevu na jasho halikauki tena. Tone lako la mafuta, kwa upande wake, linateremka kwenye tundu lenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, mahali ambapo hapakuwa na shida. Kisigino kinauma, wewe unachua goti.

Linalonikera zaidi ni hili la mafuta ya nazi kutoka kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, ndiyo maana hata asubuhi za Julai unayakuta yameganda chupani. Watu huyachota kwa kijiti cha pamba, wakayasukuma sikioni, wakasikia ubaridi na kuamini yamefanya kazi. Ubaridi huo hauchukui muda kuisha, kwa sababu mwili una nyuzi 37. Ila kabla haujaisha unaweza kukuletea kizunguzungu, kwa kuwa kitu baridi tunduni huvuruga kiungo cha mizani kilichomo ndani zaidi. Robert Bárány alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa uchunguzi wake wa kiungo hicho, na mpaka leo tunakipima kwa maji ya nyuzi 30 na 44, yaani tofauti ya nyuzi saba tu na joto la mwili. Sasa fikiria dereva wa bodaboda anayejitia kitu cha friji sikioni halafu anawasha pikipiki.

Kinachobaki baada ya kuyeyuka ndicho kinachowaleta kwangu. Majuzi binti mmoja wa huduma kwa wateja alikuja akilia muwasho. Nilipomulika ndani nikaona tabaka la kijivu lililolowana, mithili ya gazeti lililonyeshewa, limetapakaa vitone vyeusi. Hiyo ni fangasi. Alikuwa ameondoa nta yake yote kwa vijiti, akaweka mafuta, kisha akafunika kwa hedifoni kutwa nzima. Nta si uchafu. Ina asidi kidogo, huzuia maji yasipenye kwenye ngozi na huwanyima vijidudu nafasi. Tena ngozi ya tunduni huisogeza nje yenyewe, pole pole, bila msaada wa kijiti chako. Ni kweli huwa tunampa mtu mafuta kulainisha nta iliyokauka na kuziba, baada ya kuhakikisha kwamba ngoma ya sikio haijatoboka. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Haihusiani na joto.

Unachotakiwa kubadilisha ni hedifoni. Toa mito ya ngozi bandia, weka ya kitambaa au mahameli. Ukikosa, shona vifuniko viwili kutoka kwenye fulana kuukuu ya pamba, ubadilishe kila siku na kufua. Legeza mkanda wa kichwani. Kila saa vua dakika tano, acha masikio yapate hewa. Kazini omba ya upande mmoja, uhamishe sikio mara kwa mara. Nyumbani, zenye matundu mgongoni hupitisha hewa vizuri, ingawa na wenzako watasikia. Za kuchomeka tunduni haziunguzi sikio la nje, lakini huzuia unyevu ndani, kwa hiyo usizivae umetoka kuoga. Zipo pia zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio na kuacha tundu wazi. Feni ielekee kichwani, lakini usiongeze sauti ili kuishinda: kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Futa mito baada ya kazi, iache ikauke kabla ya kuiweka kwenye begi, na usivae ya mwenzako.

Sikio likiuma unapolivuta, likitoa majimaji au likiziba, vua hedifoni na uje hospitali. Mwenye kisukari asisubiri hata siku ya pili. Kwake maambukizi ya tunduni yanaweza kufika kwenye mfupa.